Bolti za propela zikaguliwe kila msimu

Ndege ya propela ya mbao, iwe ya kampuni au imeundwa na fundi nyumbani kwake, isiruhusiwe kuruka katika jimbo la Lualaba, Kongo, kama bolti za propela hazijakaguliwa kila msimu unapobadilika.

Propela ya mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, kuanzia Mei, hewa ya Tenke na Kolwezi inapokauka. Mbao ikisinyaa, mkazo wa bolti hupungua ingawa nati haijazunguka hata kidogo. Propela huanza kucheza. Bolti iliyowekwa ili ibane tu sasa inabeba msukumo wote wa injini, na ufa mwembamba kama unywele hukua kwenye hesi. Jicho halioni. Spana ya kupimia mkazo ndiyo hugundua mapema kwamba bolti imelegea, na rubani anayegundua akiwa angani amechelewa.

Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyafungia anga mashirika ya ndege ya Kongo kwa udhaifu wa usimamizi. Aibu hiyo inatosha. Fundi, hata awe hodari vipi, asiachwe akague kazi yake mwenyewe.

Wenye dhamana ya anga walete mkaguzi Kolwezi kabla ya kiangazi, wadai daftari la vipimo, na ndege isiyo nalo ibaki chini.