Laptopu ya michezo ku Kapata: nguvu yake yote iko kwenye waya wa umeme

Wakaaji wa Kapata wanaijua picha hii. Saa moja ya jioni, umeme umekatika. Kijana mumoja anamalizia CV yake, kesho asubui anapaswa kuifikisha kwenye kampuni ya sutretansi ya mugodi. Laptopu imebaki na batri asilimia 9, sababu muchana mudogo wake alicheza nayo mupira. Mama yao anauliza: mashine ya bei vile, inashindwaje kuandika karatasi mbili?

Ulizo la mama liko la haki. Siku hizi vijana wengi wa Kolwezi wanatamani laptopu ndogo ya michezo: inchi 14, kilo moja na nusu, inaingia ndani ya sakosi ya masomo. Muchana inafanya kazi ya Word na Excel, magaribi inacheza michezo ya nguvu. Mashine moja, kazi mbili. Kwa kuisikia tu, ni akili nzuri: badala ya kununua ordinatere ya kazi na tena konsoli ya michezo, familia inatoa feza mara moja.

Lakini feza yenyewe si kidogo. Mupya, laptopu ya namna hii inauzwa dola 1,000 na zaidi, na zile za muundo mwembamba sana zinapita 1,500. Mushahara wa chini kabisa, ule watu wanaita SMIG, ulipandishwa mwezi wa tano 2025 kufikia 14,500 franka kwa siku. Kwa bei ya dola ya wakati ule, ni karibu dola 5. Mutu wa mushahara huo angefanya kazi siku 200, bila kula na bila kulipa nyumba, ili afikishe dola 1,000. Kwa hiyo, hata kama jina lake ni mashine ya michezo, kuinunua si muchezo wa watoto. Ni jambo la nyumba nzima.

Zamani mashine hizi zilikuwa nzito. Laptopu ya michezo ilikuwa na inchi 15 ao 17, kilo tatu ao ine, na watu waliiacha juu ya meza. Katika mwaka 2020, ASUS ilitoa Zephyrus G14, ya inchi 14 na kilo 1.6, na batri ya wati-saa 76. Kisha Razer, Dell na HP nao wakatoa za kwao za ukubwa ule. Tangu pale, kijana anaweza kubeba kwa mugongo nguvu ambayo zamani ilibaki ku nyumba.

Shida iko katika neno hilo nguvu. Inatoka wapi?

Hesabu yake ni nyepesi. Sharjere ya laptopu hizi inatoa wati 180, wakati mwingine 240. Wakati wa muchezo muzito, mashine inaweza kula wati 150. Batri ya wati-saa 76 ikigawanywa kwa 150, inapata nusu saa tu. Watengenezaji wanajua hilo, njo maana mashine ikitoka kwenye umeme inajipunguza yenyewe: picha zinapungua mwendo, kadi ya picha inalala nusu, na muchezo unaweza kufika saa moja hivi. Lakini kwa kuandika barua, mashine ileile inakula wati 10 ao 15, na inaweza kufika saa tano. Ni kama gari moja yenye injini mbili. Ile kubwa inatembea tu ikifungwa kwenye kituo cha mafuta.

Wengine wanasema wangoje modeli inayofuata, batri itakuwa kubwa. Hawatapata mabadiliko makubwa. Kanuni za ndege zinaruhusu abiria kubeba batri isiyopita wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, na watengenezaji wanabaki chini ya mupaka huo. Laptopu ya michezo ya mwaka ujao itakuwa nayo mutoto wa waya.

Hapo njo Kapata inaingia katika hesabu. Eneo la Kolwezi halikukosa mitambo ya umeme. Kwenye mto Lualaba kuko Nzilo, wati milioni 108, na Nseke, wati milioni 248, zote za miaka ya 1950. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, waya kubwa kutoka Inga, wa kilometre 1,700 hivi, unakuja kuishia hapa Kolwezi. Kisha ikaja Busanga, wati milioni 240. Lakini tangu zamani umeme huo uliletwa kwa ajili ya shaba. Viwanda vya kusafisha shaba vinataka umeme usiku na muchana, bila kusimama. Cité iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mugodi inaona waya zikipita juu, na chini inangoja zamu yake.

Kwa hiyo munoni wa laptopu anaanza kutafuta njia. Ya kwanza ni jenereta ndogo ya esansi. Inaweza kuamsha mashine, lakini umeme wake unapanda na kushuka, na bila stabilizatere sharjere inaweza kuungua. Tena kila saa ya muchezo inakuwa saa ya esansi, na makelele kwa jirani.

Njia ya pili ni jua. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Kama ni ile ya risasi, inafaa kutumia nusu tu ili isife mbio, yaani 600. Kwa kazi ya kuandika, hiyo inatosha siku mbili ao tatu, zaidi kama laptopu inakubali kusharji kwa USB-C, na nyingi za leo zinakubali mupaka wati 100. Kwa muchezo muzito, batri ileile inaisha katika saa tatu na kitu. Na hapo taa za nyumba, simu na televizyo bado havijahesabiwa.

Kuko pia vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mupaka wa tisa mvua hainyeshi, na magari ya migodi yanainua vumbi jekundu juu ya nyumba. Laptopu nyembamba ya michezo inavuta hewa nyingi kupitia matundu madogo ya chini. Ikiwekwa juu ya kitanda, inajifunga pua. Ikikaa mwaka mzima bila kufunguliwa na kupanguswa na fundi, inapata moto mwingi na kupunguza mwendo. Zaidi ya hayo, katika nyingi za mashine hizi ndogo, memwari imeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani. Hakuna fundi wa soko atakayeongeza kisha. Mwenye kununua ya 8 leo atabaki na 8. Ni heri 16, ao 32 kama kazi inaiomba.

Basi, nani inamufaa? Jibu linategemea kazi, haliko kwa muchezo. Mwanafunzi wa migodi wa UNIKOL ao ISTA anayechora kwa AutoCAD na kutengeneza modeli ya shimo kwa Surpac, kadi ya picha inamusaidia kweli. Anayekata video za ndoa na matanga, vilevile: kazi ya usiku muzima inaweza kuisha katika saa chache, na kila saa inayookolewa ni saa ya umeme. Kwa watu hao, mashine inaweza kurudisha feza yake, na muchezo wa siku ya posho unakuwa kama nyongeza. Lakini mutu wa CV, barua na Excel, ao mwenye sekretariati ya kuandika na kutoa karatasi, anatosheka na laptopu ya ofisi iliyokwisha kutumiwa, ya bei ndogo zaidi, inayokula wati kidogo. Feza inayobaki inunue batri na pano ya jua. Na kwa mupira, konsoli ya jirani ingali inalipisha kwa mechi.

Linabaki ulizo ambalo linarudi kila mara ku Kapata: kobalti inatoka hapa, kwa nini batri inarudi kwa bei kali? Na tangu serikali ilipofunga kusafirisha kobalti tarehe 22 mwezi wa pili 2025, kisha kuweka kota kuanzia tarehe 16 mwezi wa kumi, wengine wanasema njo ilipandisha bei ya laptopu.

Hesabu inasema hapana. Batri ya laptopu inabeba makumi ya gramu ya kobalti. Tuseme 50. Mbele ya kufunga, tani moja ilikuwa karibu dola 22,000, yaani gramu 50 ni dola moja na senti kumi. Mwisho wa 2025 bei ilipita 40,000, na gramu zilezile zikawa dola mbili na kidogo. Juu ya mashine ya dola 1,200, tofauti hiyo haionekani. Kilichopandisha bei mwisho wa 2025 ni zaidi memwari, sababu makampuni ya akili bandia yanainunua kwa wingi. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini sehemu kubwa inaondoka ikiwa unga wa hidroksidi, na thamani inaongezwa ngambo: kusafisha, kutengeneza batri, kuunga mashine. Kota inaweza kuongezea serikali feza. Haiwezi peke yake kurudisha kazi hizo hapa, wala kuwasha taa ya Kapata.

Kwa hiyo, muzazi anayeombwa dola 1,000 asianze kuuliza muchezo gani utatembea. Aulize kwanza mambo matatu. Ni kazi gani italipa mashine hii, na kwa miezi ngapi? Umeme utatoka wapi siku ukikatika? Na nani atatangulia kuitumia batri, mwenye kuandika CV ao mwenye kucheza? Ulizo la tatu halihitaji feza, linahitaji tu sheria ndani ya nyumba. Na kijana wa asilimia 9 angalikuwa nayo, barua yake ingekuwa imekwisha mbele ya giza.