Nyumba Njema Si Mlango

Mgeni afikapo Chicago, Marekani, kwanza huinua shingo. Jengo la Willis Tower, lililokamilika mwaka 1974, lina ghorofa 110 na urefu wa mita 442. Nami nilitazama juu mpaka shingo ikachoka.

Sanaa hiyo ya ujenzi ilikuzwa na msiba. Mwezi wa Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na watu wapatao 100,000 wakakosa makao. Katika kujenga upya, mwaka 1885 likasimama jengo la Home Insurance, la ghorofa 10, lililobebwa na kiunzi cha chuma. Lilibomolewa mwaka 1931, lakini mbinu yake imeenea duniani.

Hata hivyo, mtaa wa Bronzeville, kusini mwa mji, ulinifundisha zaidi. Wamarekani weusi waliohama majimbo ya kusini walibanwa humo na ubaguzi wa makazi. Kufikia mwaka 1962 walijengewa Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja. Matengenezo yakapuuzwa, lifti zikaharibika, uhalifu ukastawi. Jengo la mwisho likabomolewa mwaka 2007. Nilikuta viwanja vitupu na nyumba fupi mpya.

Sisi tuishio katika nyumba za serikali tulitafakari hilo. Ghorofa husimamishwa na chuma na saruji. Makao hudumishwa na matunzo. Ukitaka kuupima mji, muulize mama apandaye ngazi na mtoto mgongoni, lifti ikiwa imekufa.