Kadi mama ikiungua, leseni ya Windows inabakia wapi?

Goma, Bukavu ao Bunia, umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza kadi mama ya kompyuta. Fundi anaweka ingine, lakini Windows inaona ni mashine mpya na kuomba leseni. Leseni iliyokuja na mashine tangu kiwandani imefungwa kwa ile kadi. Kwa kawaida haihamie kwenye kadi ya aina ingine. Ile iliyonunuliwa pekee inaweza kuhama, ila kwa mashine moja tu. Mwenye iko nayo aiunganishe na akaunti yake ya Microsoft mapema. Wengine wanabakia na kununua tena, kuhamia Linux ya bure, ao kutumia ya wizi, yenye inaweza kuleta virusi kwenye kazi za wateja.