Shomoro wa Tano



Mpendwa msomaji, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza hapa Kilakala, mzee mmoja alinisubiri nje ya mlango wa kanisa. Katika mahubiri nilikuwa nimegusia wanyama wanaotoweka, kwa kuwa tuko katika Kipindi cha Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba. Akaniambia, "Baba, kuhusu tembo nakubali. Tembo analeta watalii. Lakini hao vyura uliowataja, chura ana faida gani? Mjukuu wangu anasoma kwa umeme, hasomi kwa chura."

Tulicheka wote wawili. Hata hivyo, nilipofika nyumbani swali lile halikuniacha, kwa sababu najua si la mzee huyo peke yake. Naomba nilijibu leo.

Kwanza tukumbuke kisa chenyewe. Mto Kihansi unashuka kwa kishindo kutoka milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro. Kwa karne nyingi maporomoko yake yalirusha ukungu wa maji usiku na mchana, na pembeni kukawa na majani mabichi yasiyokauka kamwe. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa tayari umeanza, watafiti walimkuta hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita tatu. Hatagi mayai kama vyura tunaowajua. Huzaa watoto walio hai. Dunia nzima hakuwepo mahali pengine ila katika eneo lile lenye ukubwa wa hekta chache tu.

Mradi ulikamilika, wenye uwezo wa megawati 180. Sehemu kubwa ya maji ikapitishwa kwenye mitambo, maporomoko yakanyauka, na ukungu ukakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, ili wasipotee kabisa. Huku nyumbani mafundi walifunga mabomba ya kunyunyizia maji bondeni, na vyura waliobaki wakaanza kuongezeka. Lakini mwaka 2003 wakapukutika ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ukatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Waliookoka walikuwa katika bustani za wanyama za Bronx, New York, na Toledo, Ohio. Mwaka 2010 mia moja kati yao walirudishwa nchini na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Wapo waliokejeli: fedha zote hizo kwa ajili ya vyura, na zahanati hazina dawa?

Sasa twende kwenye Injili. Mtakatifu Mathayo anasimulia kwamba enzi za Yesu shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Mtakatifu Luka anasema watano kwa senti mbili. Piga hesabu. Kwa senti mbili ulistahili shomoro wanne. Wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza, kama mama wa soko la Mawenzi anavyokutupia nyanya moja juu ya fungu ulilokwisha kulipia. Shomoro wa tano hakuwa na bei. Na Bwana wetu anafundisha kwamba hata huyo hasahauliki mbele za Mungu.

Chura wa Kihansi ndiye shomoro wa tano. Hana pembe ya kuuzwa, hana nyama ya kuliwa, hana mtalii anayemfuata. Mzee wangu aliuliza faida yake. Yesu anatueleza kwamba Mungu haanzi na swali hilo. Seminarini tulisoma kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba Mungu aliumba viumbe wa aina nyingi kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wake. Kinachokosekana kwa mmoja kinaonekana kwa mwingine. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisikitika kwamba kila aina ya kiumbe inayopotea kwa sababu yetu ni sifa moja inayonyamazishwa mbele ya Muumba, nasi hatuna haki ya kuinyamazisha.

Lakini nisiwe padri wa kuhubiri upande mmoja. Katika aya hizohizo Yesu anasema kwamba mtu ana thamani kupita shomoro wengi. Nami sitaki kurudi gizani. Tumeonja mgawo wa umeme na tunajua uchungu wake. Najua pia kwamba mkulima anayeamka na kukuta tembo wamemaliza shamba lake la mahindi, kisha akasubiri kifuta jasho kwa miezi, hawezi kuimba wimbo wa uumbaji kwa furaha. Na familia iliyopoteza mzazi kwa tembo, kifuta machozi hakiwezi kuyafuta machozi yake. Uhifadhi unaomsahau maskini si wa Kikristo. Jirani wa hifadhi akibeba hasara peke yake huku faida ikienda mbali, jangili atapata mahali pa kujificha. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 hadi karibu 43,000. Wanunuzi wa meno walikuwa mbali, lakini njia za porini walionyeshwa na wenyeji.

Kihansi inatufundisha kwamba umeme na chura havikuwa lazima vigombane. Kosa lilikuwa kuuliza swali tukiwa tumechelewa. Wangetafuta kwanza nani anaishi bondeni, kisha wakachora mitambo, maji ya kutosha yangeachwa yapite tangu mwanzo. Leo kazi ambayo maporomoko yaliifanya bure inafanywa na mabomba, na watu wanaolipwa mishahara. Ndivyo dhambi ilivyo, ndugu zangu. Msamaha upo, lakini malipizi yana gharama, na mara nyingi ni kubwa kuliko gharama ya kutotenda kosa.

Na kuna mahali ambapo hata malipizi hayafiki. Machi 2018, huko Ol Pejeta nchini Kenya, alikufa Sudan, faru dume wa mwisho wa jamii ya faru weupe wa kaskazini. Wakabaki majike wawili, mtu na binti yake, wakilindwa kwa bunduki. Nuhu aliingiza safinani dume na jike. Sisi tumechelewa hata kufunga mlango.

Lakini ni rahisi kuwalilia faru wa Laikipia. Inua macho yako hapo ulipo, ewe mkazi wa Kilakala, uitazame Uluguru. Katika msitu wa juu kule anaishi ndege mwenye kofia nyeusi na kifua cha njano, asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika milima hii. Hajui kwamba ana majirani wanaosali. Anachojua ni miti mirefu, na miti hiyo inapungua. Msitu huohuo ndio unaotunza chemchemi zinazotupa maji sisi, na kuulisha mto Ruvu unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Anayewasha moto kusafisha shamba na kuuacha upande mlimani humchomea ndege huyo kiota, na hunikaushia mimi na wewe bomba.

Kwa hiyo nakuachia maswali matatu ya kuchunguza dhamiri wiki hii. Nyama ile iliyoletwa usiku kwa bei nafuu kwa ajili ya sherehe ya Kipaimara, uliuliza imetoka wapi? Unapopita na gari Mikumi, je, unapunguza mwendo kwa sababu ya wanyama au kwa sababu ya askari? Na wewe uliye mjumbe katika kikao cha kijiji, cha kata au cha halmashauri, mradi unapoletwa mezani, huuliza nani anaishi pale kabla ya kupiga kura, wakiwemo binadamu wenzako wasio na sauti?

Mzee wangu, nimekujibu kwa kirefu. Kwa kifupi ni hivi: sijui kama chura yule atatuletea senti moja. Najua kwamba Mungu hajamsahau. Na mimi na wewe, siku tutakapokuwa hatuna faida tena kwa mtu yeyote, tumelala kitandani tunasubiri kugeuzwa, tutategemea moyo uleule wa Mungu asiyemsahau shomoro wa tano.

Nawatakieni Dominika njema.