Koti la Mtoto Atakayeondoka

Baadhi ya wenzetu walishangaa kusikia kwamba muhula huu, katika kikundi chetu cha usomaji, tumesoma riwaya iliyojengwa juu ya ngano. Mnaandaliwa kuwa mapadre, walituambia, mna nafasi gani ya hadithi za watoto? Sisi tunaona The Snow Child ya Eowyn Ivey, iliyotoka mwaka 2012, inamfaa padre mtarajiwa, na inawafaa pia waamini watakaomkaribisha nyumbani kwao.

Ni kitabu kimya. Jack na Mabel, mume na mke ambao ujana umekwisha kuwapa mkono, wanalima shamba kando ya mto huko Alaska, mwaka 1920. Mtoto wao mmoja alizaliwa akiwa amekufa. Mwanzoni kabisa Mabel anatembea juu ya barafu nyembamba ya mto akitumaini ipasuke. Haipasuki. Anarudi nyumbani, na mumewe hamwambii kitu. Baadaye, theluji inapoanguka, wawili hao wanacheza kama watoto, wanafinyanga msichana wa theluji na kumvika skafu na glovu. Asubuhi sanamu imebomoka, nguo hazipo, na nyayo ndogo zimeelekea msituni. (Sisi tuliozoea kuiona theluji kwa mbali, kileleni Kilimanjaro, ukurasa huo tuliusoma polepole.)

Mabel anaikumbuka ngano ya Kirusi ya Snegurochka, binti wa theluji aliyepatikana na wazee wasio na mtoto, kisha akayeyuka. Kwake yeye, msichana anayekuja na baridi ametoka kwenye ngano ile. Jack anajua jambo jingine: amemzika baba wa mtoto huyo, na ameahidi kutolisema. Kila mmoja ana mtoto wake kichwani. Mtoto mwenyewe, Faina, si wa huyu wala si wa yule, na mwandishi hatuamulii.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipopamba moto. Mabel anataka kumweka ndani, karibu na jiko, awe binti kama mabinti wengine. Faina hakubali. Baridi ikipungua anaondoka, theluji ikirudi naye anarudi. Mwishowe Mabel anamshonea koti zuri, akijua kwamba atakayelivaa ataondoka nalo. Katekisimu, namba 2378, inafundisha kwamba mtoto ni zawadi, wala hakuna anayeweza kumdai kama haki yake. Mstari huo tumeujibu mara nyingi kwenye mitihani. Koti lile lilitufanya tuwafikirie mama zetu waliodarizi majina yetu kwenye shuka za seminari, wengine wakimtoa mtoto wa kiume pekee, huku majirani wakiwauliza wajukuu watatoka wapi.

Lakini zaidi tuliwafikiria wasiopata mtoto kabisa. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo wapo, na tunawaumiza kwa nia njema. Mmoja wetu, akiwa kwenye mazoezi ya kichungaji, aliwaombea wanandoa fulani kwa sauti, mbele ya jumuiya nzima, kwamba mwaka usiishe hawajapakata mtoto. Wote wakaitikia amina kwa nguvu. Wiki iliyofuata wale wawili hawakuja, wala iliyofuata. Sisi wengine tulipoisikia habari hiyo tulinyamaza, maana karibu kila mmoja angefanya vilevile. Tunawataja Sara na Elizabeti kana kwamba kila nyumba imeahidiwa Isaka au Yohane, na mke ambaye hakuahidiwa tunamwachia kazi ya kueleza kwa nini.

Riwaya haimpi Mabel jibu. Inampa jirani, Esther, mwanamke mcheshi mwenye watoto wa kiume tele, anayeingia kwake bila kubisha hodi sana, kuleta chakula na kuchukua kazi. Tunadhani Esther anajua uchungaji kuliko wengi wetu. Mwisho wa kitabu tulibishana juu yake hadi kengele ya Masifu ya Jioni. Wapo waliouona wa kikatili. Hatutausimulia hapa.

Mwenzetu yule anarudi katika parokia ile likizo hii. Amesema atakwenda kwao kusaidia kupukuchua mahindi.