TUJENGEWE JUMBA LA NYOTA KISUMU

Muhula uliopita, katika kipindi cha Jiografia, mwalimu alituuliza ni nani kati yetu amewahi kuiona Zohali na pete zake. Darasa zima kimya. Kisha mmoja wetu kule nyuma akajibu, "Mimi nimeiona, mwalimu. Kwenye chati." Tulicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Lakini jioni nikirudi nyumbani kile kicheko kilinitoka. Tunakariri sayari kama mtu anayekariri vituo vya matatu ambavyo hatashuka hata siku moja. Na chati yenyewe ingali inaihesabu Pluto kuwa sayari, ilhali wanaastronomia waliitoa katika orodha hiyo mwaka 2006, kabla sijazaliwa!

Kwa hivyo natoa maoni yangu bila kuuma maneno: Kisumu yahitaji jumba la nyota. Wataalamu huliita planetariamu. Ni chumba chenye paa la mviringo, mfano wa bakuli lililofunikwa. Ndani ni giza, na mtambo humulika juu ya paa nyota, mwezi na sayari zikienda vile ziendavyo angani. Waingia saa nne asubuhi, na kwa dakika chache wauona usiku mzima. Si jambo geni, manake mtambo wa namna hii ulionyeshwa Munich, Ujerumani, tangu mwaka 1923.

"Kwani nyota si ziko bure?" kaka yangu aliniuliza. "Toka nje uangalie." Yeye ni mvulana. Mimi ni msichana wa shule ya kutwa, na saa tatu usiku mama haniruhusu kufika hata dukani, wala simlaumu. Mchana ambapo niko shuleni nyota hazionekani. Tena nani hapa asiyejua jinsi mawingu yanavyojikusanya juu ya ziwa jioni, ngurumo zikaanza? Na hata mbingu zikiwa safi, taa za mji zinafuta nyota nyingi.

Wanaoijua anga hapa kwetu ni wavuvi wa omena. Omena huvuliwa kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, na taa huwavuta vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawavutiki, kazi inalala. Mama anayeuza omena pale Dunga anazijua siku za mwezi kunishinda mimi wa kidato cha tatu. Mimi nami nimefundishwa kwa nini mwezi hubadilika sura, ila nimefundishwa kwa mviringo wa chaki ubaoni, na kusema kweli sikuelewa. Katika jumba hilo mimi na yeye tungeketi benchi moja, kila mtu na elimu yake.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Jumba likijengwa halafu maelezo yawe ya Kiingereza kitupu, yule mama atasinzia. Lugha yetu ina majina ya sayari tangu jadi: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Ina kilimia pia, kile kishada cha nyota kilichoitwa hivyo kwa sababu ya kulima. Ni wangapi katika chama chetu wanaoweza kukionyesha kwa kidole?

Nitoe mfano wa hasara ya kutojua. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa. Turkana lilifunikwa lote, huku kwetu sehemu kubwa. Mama asimulia kwamba alitufungia ndani akaziba dirisha kwa leso. Kuhusu macho hakukosea, maana kulikodolea jua kunaharibu macho kabisa. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ukitoboa tundu dogo kwenye kadi, ukalipa jua mgongo, utaliona limemegwa pale kivulini bila kudhurika. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Litafunikwa lote huko Misri, na hapa Kisumu litamegwa kiasi. Je, tutafungiwa tena?

Rafiki yangu mmoja ananipinga vikali. Anasema maabara zina hadubini chache na gugumaji limejaa ziwani, sasa nyota za nini? Nakubali kwamba kama ni kuchagua kati ya maabara ya shule na jumba hili, nitachagua maabara. Ila jumba moja litatumiwa na shule zote, za msingi na za upili, pamoja na wazazi. Kuhusu gugumaji, picha za kuonyesha limeenea wapi katika Ghuba ya Winam hupigwa na setilaiti. Kenya yenyewe ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023 kwa ajili ya mambo kama kilimo. Na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka pwani yetu, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Ukitaja Uhuru hapa Kisumu watu wanafikiria meli tu!

Pesa? Johannesburg walipofungua jumba lao mwaka 1960, mtambo wao ulikuwa umetumika kwanza Hamburg. Hapa Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen wa Travelling Telescope huzunguka mashuleni na darubini na hema la kupuliza upepo ambalo ndani yake ni anga, na Nairobi wamejenga kuba la mianzi. Mianzi! Sisi tunaweza kuanza na dogo kama hilo katika uwanja wa Makumbusho ya Kisumu, ambako wanafunzi huenda tayari kuona nyoka, mamba na boma la Kijaluo.

Nimeandika barua kwa serikali ya kaunti na kwa makumbusho. Iko kwa katibu wa chama pamoja na karatasi ya sahihi. Mpaka naandika haya kuna majina 6, na mojawapo ni la mpishi wetu.