Mwili wa Mtu Si Rahani

Neno la Mhariri

Mkata mawe wa Manda Maweni akiangukiwa na jabali, au mkewe akishikwa na uchungu usiku wakati wa kusi, safari ya kuitafuta afya huanzia baharini, kwa kuwa Hospitali ya King Fahd iko ng'ambo, kisiwani Amu (Lamu). Na maradhi yakizidi uwezo wa Amu, mgonjwa huvushwa tena hadi Mokowe, ikashikwa njia ya zaidi ya kilomita 300 kwenda Mombasa. Katika kila kituo cha safari hiyo yumkini akatokea mtu wa kuuliza fedha kabla ya kuuliza maradhi. Toleo hili tumeliwakifia mas-ala hayo, nasi tunashikilia kwamba gharama ya matibabu ni deni kama madeni mengine, na hudaiwa kama madeni mengine, wala mwili wa mwanadamu, awe hai au maiti, hauwekwi rahani.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, yasema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 2015, majeruhi wa ajali ya barabarani alikaa muda wa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa jijini Nairobi, akikosa kitanda huku na kutakiwa amana ya fedha kule, hata akafariki. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja na adhabu: hospitali yenye uwezo wa kumtibu mgonjwa wa dharura, kisha isimtibu, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3.

Na aliyekwisha tibiwa, asiweze kulipa? Mwezi wa Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kuwa kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao, akaamuru walipwe fidia. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri dhidi ya Hospitali ya Pandya, ilikwisha sema kuwa maiti si mali, na kwa hiyo hawezi kushikwa kuwa dhamana ya deni. Hukumu hiyo sisi Waislamu wa pwani, tulioamrishwa kuharakisha maziko, twaujua uzito wake bila ya kufasiriwa. Nayo Qur'ani, katika Suratul Baqara, yamwamrisha mdai ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa. Deni halifutiki kwa hayo: mdai ana mkataba wa kulipwa kidogo kidogo, na ana mahakama ya madai.

Lakini insafu yatulazimu tuisikilize na hospitali pia, kwani dawa hununuliwa na wauguzi hulipwa mishahara. Hospitali iliyokatazwa kufunga mlango wa kutokea, na isilipwe na mtu, itaufunga ule wa kuingilia. Ndiyo sababu makatazo haya mawili hayasimami ila kwa hazina ya umma. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeuanzisha mfuko wa dharura na maradhi sugu, unaotegemea fedha za Bunge, na bima yenyewe humtaka asiye na mshahara atoe mchango wa mwaka. Mtu apataye riziki yake kwa jiwe alilolikata leo atauwekaje akiba mchango wa mwaka mzima?

Basi twadai mambo matatu. Bunge liutie mfuko huo fedha za kutosha, na hospitali zilipwe kwa wakati. Kila hospitali imruhusu mgonjwa aliyepona aende kwa ahali zake, kwa hati ya deni iliyoandikwa na pande mbili. Na kwa kuwa Sheria ya Afya imeihesabu huduma ya kabla ya kufika hospitali kuwa sehemu ya matibabu ya dharura, Serikali ya Kaunti ya Lamu ikiri kwamba kwa mtu wa Manda huduma hiyo ni boti, iwe tayari usiku na mchana, wala nahodha asimdai mgonjwa nauli. Maana haki inayomsubiri mtu ng'ambo ya maji, naye hana cha kumvusha, bado hajapewa.